Roboti Inayokwenda Upogo Ndiyo Somo

Hotuba kwa walimu wa sayansi na wakufunzi wa ufundi, Tanga

Ndugu walimu wa fizikia na kompyuta, wakufunzi, wanafunzi, na nyinyi wazazi mlioitikia mwaliko: asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Neno letu ni moja, tulitoe mapema ili muda uliobaki uende kwenye kazi yenyewe. Roboti ya bei ndogo haiwekwi darasani kwa kuvizia siku ile ya maana itakapofika. Kwa mtu anayejifunza uhandisi, ya maana ni hiyo hiyo. Kasoro zake ziko nje, zinapimika kwa rula na kufikiwa kwa bisibisi. Kwenye roboti ya gharama kubwa, kasoro hizo zilishatatuliwa kiwandani na kufungiwa ndani ya kasha. Mwanafunzi akiipata, inamwachia vitufe vya kubonyeza na hakuna zaidi.

Wenye akili walishalijua hili zamani. Mwaka 1948 na 1949, kule Bristol, Uingereza, mtafiti wa ubongo William Grey Walter aliunda mashine mbili za magurudumu matatu, akaziita kobe. Kila kobe alikuwa na valvu mbili za redio, jicho moja la kuhisi mwanga na swichi ya kuhisi kugonga. Kwa vitu hivyo tu waliufuata mwanga na kuzunguka vizuizi. Mwaka 2012 mtandao wa roboti wa Afrika, AFRON, ulioanzishwa na Ayorkor Korsah wa Ghana na Ken Goldberg wa Marekani, uliitisha shindano la kubuni roboti ya kufundishia ya dola 10. Miongoni mwa washindi alikuwa Tom Tilley, aliyeshiriki kutoka Thailand. Alichukua kidhibiti cha mchezo wa PlayStation, akazitumia mota zake za mtikisiko kuendeshea, na kwenye vile vijiti viwili vya vidole gumba akachomeka peremende za kijiti ili vihisi roboti inapogonga kitu. Gharama yake ilikuwa dola 8.96. Tazameni alichokifanya: kila kitu alichohitaji kilikuwa tayari ndani ya kifaa kingine, naye akajua cha kukitumia.

Sasa tushuke kwenye meza ya kazi. Roboti tunayoipendekeza kwa kuanzia ina magurudumu mawili ya kuendesha na tegemeo moja la kuteleza. Inahitaji bodi ya Arduino Uno, yaani kompyuta ndogo inayobeba programu, au nakala yake, moduli ya kuendeshea mota, L298N au TB6612, mota mbili za njano zenye giaboksi ya plastiki ya 1:48 (mota izunguke mara 48 ili gurudumu lizunguke mara moja), magurudumu mawili ya kipenyo cha milimita 65, diski mbili za matundu 20 na visoma-tundu vyake vya kuhesabia mzunguko wa magurudumu, vihisi viwili vya mstari vya TCRT5000, kihisi kimoja cha umbali cha HC-SR04, betri mbili za lithiamu za 18650 na kishikio, swichi, na fyuzi ya ampea 3. Jiwekeeni ukomo wa shilingi laki moja kwa roboti, mbali na kompyuta. Hesabu ikizidi, punguzeni vihisi. Betri nzuri msiipunguze, na multimita ya darasa, kile kipimo cha volti na ampea, msiifute kwenye orodha.

Fremu msiinunue. Plaiwudi ya milimita 3, sentimita 20 kwa 13, fundi seremala yeyote wa Ngamiani ana vipande vya ukubwa huo anavyovitupa. Tegemeo la mbele ni kile kichwa cha chupa ya deodoranti ya kupaka, chenye mpira unaozunguka. Kinachotakiwa kuangaliwa ni uzito: betri zikae juu ya ekseli ya magurudumu ya kuendesha au karibu yake. Zikikaa mbele, magurudumu yanateleza kwenye saruji yenye mchanga, na kila kipimo kitakachofuata kitakuwa cha uongo.

Shikeni mota ya njano mkononi. Pembeni ina masikio mawili ya shaba, membamba sana. Waya ukivutwa mara mbili tatu, sikio linakatika kwenye shina, na mota inakuwa imekufa ilhali ndani ni nzima. Kwa hiyo waya ulehemuni hivi: upakeni risasi kwanza peke yake, lipakeni na sikio peke yake, kisha viunganisheni kwa sekunde zisizozidi 3. Mkichelewa, plastiki inayolishika sikio inayeyuka na brashi za ndani zinahama. Hapo hapo, kati ya masikio mawili, lehemuni kapasita ya seramiki ya nanofaradi 100. Brashi za mota hutoa cheche, na cheche huingiza kelele ya umeme kwenye vihisi na kwenye bodi. Mwisho fungeni waya kwenye mwili wa mota kwa kibanio cha plastiki au gundi ya moto, ili mkono wa mwanafunzi ukivuta, uvute kibanio na si sikio. Na wanafunzi wakatazwe kuzungusha gurudumu kwa mkono au kuisukuma roboti sakafuni. Meno ya gia ni plastiki, hayakuumbwa kusukumwa kutoka upande wa gurudumu.

Kwenye umeme tutakaa kidogo, maana hapa ndipo darasa zima hukwama likidhani limekosea programu.

Dalili ni hii: roboti inawashwa, inajongea kidogo, inasimama, inajongea tena. Taa ya bodi inafifia na kurudi. Mwanafunzi anahariri programu mpaka kengele inalia. Programu haina kosa lolote. Ni ile betri ya mraba ya volti 9. Ukinzani wake wa ndani, hata ikiwa mpya, ni kama ohm 1.7. Mota mbili zinapoanza kuzunguka kutoka kusimama, kila moja huweza kuvuta karibu ampea 1. Zidisheni: ampea 2 kwa ohm 1.7 ni volti 3.4 zilizopotelea ndani ya betri. Tisa inabaki 5.6, na Uno inashauriwa ipewe angalau 7 kwenye Vin, pini yake ya kuingizia umeme. Bodi inazima, mota zinaacha kuvuta, volti inapanda, bodi inawaka upya, mchezo unaanza tena. Hiyo ni Sheria ya Ohm mnayoifundisha ubaoni, imekuja darasani kwa miguu yake.

Betri mbili za 18650 zilizopangwa mfululizo hutoa volti 8.4 zikijaa na hutajwa kuwa za 7.4. L298N ni saketi ya muundo wa zamani, hula karibu volti 2 njiani, hivyo mota hupata takriban 6.4. Kwa mota za volti 6 hiyo si mbaya. TB6612 hula kidogo sana, kwa hiyo ukiitumia zuia nguvu kwenye programu: bodi hupima nguvu ya mota kwa namba 0 hadi 255, nawe usivuke 180, la sivyo mota zinapokea zaidi ya haki yake.

Lithiamu haina mzaha. Kila seli ichajiwe peke yake kwa moduli ya TP4056, si zote mbili kwa pamoja zikiwa mfululizo. Seli iliyoshuka chini ya volti 2.5 isifufuliwe. Seli zinazotolewa kwenye betri kuukuu za kompyuta mpakato ni kishawishi kikubwa kwa bei yake, ila shuleni tunazikataa: hujui zimepitia nini, na moto wake hauzimiki kirahisi. Fyuzi ikae kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana, kabla ya swichi. Ndoo ya mchanga ikae chumbani. Halafu mfundisheni mwanafunzi kuilinda betri kwa programu: rezista mbili za kilo-ohm 10 zinaigawa volti ya betri nusu kwa nusu, pini ya analogi inaisoma kwa namba 0 hadi 1023, ambapo 1023 ni volti 5. Ikishuka hadi volti 6.8, nusu yake ni 3.4, na bodi itaonyesha karibu 696 kati ya 1023. Hapo mota zizimwe.

Neno la mwisho la umeme: hasi ya betri, hasi ya moduli ya mota na hasi ya bodi ziunganishwe pamoja. Zisipounganishwa, mota zitafanya vituko visivyoelezeka, na utalaumu kila kitu isipokuwa ule waya mmoja uliokosekana.

Sasa tufike kwenye upogo.

Chora kwa chaki mstari ulionyooka wa mita 3 sakafuni. Weka roboti mwanzoni, mota zote mbili zipewe nguvu ile ile, 150 kati ya 255. Iachie. Haitanyooka. Rudia mara kumi, na kila mara pima kwa futi kamba roboti imeishia sentimita ngapi kutoka mstarini, upande gani. Walimu wengi hapa huona haya, hutafuta mota nyingine. Msibadilishe. Pigeni hesabu na wanafunzi.

Tuseme gurudumu la kulia lina kasi zaidi ya la kushoto kwa asilimia 2 tu, na umbali kati ya magurudumu ni sentimita 13. Roboti itachora duara. Nusu kipenyo chake ni takriban 13 gawanya kwa 0.02, yaani sentimita 650. Ikitembea mita 3 juu ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 6.5, imegeuka kama nyuzi 26, na imeuacha mstari kwa sentimita 68. Asilimia mbili! Hakuna kiwanda cha mota za bei hii kinachoahidi mota mbili zinazolingana kwa asilimia 2. Mwanafunzi aliyeona hesabu hii na kisha akaipima sakafuni ameelewa kwa nini uhandisi wa roboti upo: huwezi kuamuru mwendo ukafumba macho, lazima uangalie kilichotokea na kusahihisha.

Wengine hukimbilia dawa ya haraka: mota ya kulia ipewe 147, ya kushoto 150. Waacheni wafanye, itanyooka. Kisha warudie betri ikiwa imetumika. Kati ya volti 8.4 na 6.8, mota iliyokuwa ikipata 6.4 kupitia L298N sasa inapata 4.8, robo nzima imeondoka, na mota mbili hazipungui kwa kiwango kimoja, kwa sababu msuguano wa giaboksi moja si wa nyingine. Namba 147 haifai tena. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kwenye daftari, kabla ya kila jaribio, iandikwe volti ya betri.

Dawa ya kudumu ni zile diski za matundu 20. Mzingo wa gurudumu la milimita 65 ni milimita 204, kwa hiyo kila tundu linalopita ni milimita 10.2 za safari, na mita 3 ni matundu 294. Visoma-tundu viungwe pini 2 na 3 za Uno, maana hizo ndizo zinazoweza kuikatiza programu mara tundu linapopita. Programu inahesabu kushoto na kulia, inatoa, na tofauti ndiyo kosa. Nguvu ya kulia iwe 150 jumlisha kosa mara K, ambapo kosa ni hesabu ya kushoto toa ya kulia. K ni namba mnayoichagua ya kuamua masahihisho yawe makali kiasi gani. Anzeni na K ya 5. Ikiwa ndogo mno, roboti inarudi mstarini kwa uvivu; ikiwa kubwa mno, inayumba kushoto na kulia bila kutulia. Walio na haraka ya kuongeza kipengele cha kulimbikiza makosa wakumbuke kwamba hesabu ya matundu tayari ni limbikizo la kasi. Kwa kazi hii haihitajiki.

Na bado kuna ukomo. Tundu moja la tofauti ni milimita 10.2 kwa upana wa milimita 130: nyuzi 4 na nusu. Roboti ikigeuka chini ya hapo, diski haijui. Mkihesabu kingo zote mbili za tundu, mnashuka hadi nyuzi 2 na robo. Basi mwanafunzi akiuliza kwa nini haikunyooka kabisa, jibu liko kwenye diski, na anaweza kukokotoa mwenyewe ni diski ya matundu mangapi ingetosha. Hapo tumetoka kwenye kuunganisha waya, tumeingia kwenye usanifu.

Hitilafu mbili za hatua hii zizoeeni. Kisoma-tundu huhesabu tundu moja mara mbili kwa sababu ya ishara inayotetema pembeni mwa tundu. Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini yake ya kutoa na hasi hutuliza. Na nguvu ikiwa ndogo, mara nyingi chini ya 60 au 80, mota huvuma bila kuzunguka kwa sababu ya msuguano wa kusimama. Msijaribu K mkiwa eneo hilo, mtapoteza kipindi kizima.

Vihisi vya mstari tutavipitia haraka. Utepe mweusi wa umeme juu ya manila nyeupe unatosha kabisa. TCRT5000 huona vizuri ikiwa milimita 2 hadi 5 juu ya karatasi. Adui yake katika mji huu ni jua: mwanga wa jua umejaa infraredi, na madirisha yetu ya nondo hayazuii kitu. Asubuhi roboti inafuata mstari, saa sita mchana inauacha, na skrubu ya moduli ya kurekebishia uhisi haisaidii. Vikeni vihisi sketi ya karatasi nyeusi, na tumieni pini ya analogi badala ya ile inayosema ndiyo au hapana peke yake. Kila kikundi kisome nyeupe na nyeusi mahali pale pale kitakapokimbizia roboti, kisha kichukue namba ya katikati kuwa mpaka wa nyeupe na nyeusi.

HC-SR04 inapima umbali kwa muda wa mwangwi. Kitabuni sauti hupewa mita 343 kwa sekunde, ambayo ni kwa nyuzijoto 20. Darasa la Tanga mwezi wa pili lina nyuzi 30 na ushei, na sauti humo inakwenda takriban mita 349. Kwa mita moja, kosa ni karibu sentimita 2, linaonekana kwenye rula. Pazia humeza mwangwi, na ukuta ulioelekezwa upande huutupa kando. Roboti kumi zikipima kwa wakati mmoja chumbani, kila moja inasikia mwangwi wa mwenzake. Wekeni milisekunde 60 kati ya kipimo na kipimo, na vikundi vipokezane.

Kuna hewa ya bahari, na hii wauzaji wa vifaa hawaandiki kwenye kasha. Kuanzia Raskazone mpaka Chumbageni, chumvi na unyevu hushika vichwa vya waya za kuchomeka, na miezi michache baadaye kiungo kilichokuwa kizima kinashika na kuachia. Saketi ikishakubalika kwenye bodi ya majaribio, ile ya matundu ya kuchomeka waya, ihamishieni kwenye bodi ya kulehemu. Roboti zilale ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu. Betri zitolewe.

Wenyeji mna usemi wenu: Tanga, waja leo waondoka leo. Kwa wageni, sawa. Kwa roboti tusikubali zije na mradi, ziondoke na mradi. Shule isipokee roboti ambayo hakuna fundi mjini anayeweza kuibadilishia mota. Tuna Shule ya Ufundi ya Tanga, tuna VETA ya mafunzo ya ufundi stadi, tuna mafundi simu wanaolehemu vitu vidogo kuliko hivi kila siku. Wao ndio akiba yetu ya ufundi, na waitwe darasani. Kwa kila roboti kumi, wekeni pembeni mota nne, bodi moja na moduli mbili za mota.

Darasa la wanafunzi 40 linaendeshwa na roboti kumi na kompyuta tatu, kwa sababu programu ikishaingia kwenye bodi inakaa, na kompyuta inahamia kikundi kingine. Katika kila kikundi mmoja ajenge, mmoja aandike programu, mmoja apime, mmoja ashike daftari, na wiki ijayo wabadilishane bila kubembelezana. Msiruhusu wasichana waachiwe daftari muhula mzima; hutokea kimya kimya, na mwalimu asiyehesabu zamu hataona. Programu ya Arduino na kiendeshi cha chipu ya CH340, inayotumika kwenye nakala nyingi za Uno, vipakuliwe mapema na kuwekwa kwenye flashi. Bodi isipoonekana kwenye kompyuta, badilisheni waya wa USB kwanza, maana nyaya nyingi za simu hupitisha chaji bila data.

Mtihani wa vitendo usiwe kujenga. Uwe kutafuta ubovu. Mwalimu anaharibu roboti kwa siri, na mwanafunzi anapewa multimita na dakika 20. Afuate njia: volti ya betri mota zikiwa zinazunguka, volti 5 ya bodi, hasi ya pamoja, ishara inayoingia kwenye moduli ya mota, volti inayotoka kwenda kwenye mota, na programu mwisho kabisa. Alama nyingi ziende kwenye maandishi yake: alipima wapi, alipata ngapi, na kwa nini akaenda hatua inayofuata. Anayebahatisha akapata apewe chache.

Roboti tatu ziko kwenye meza ile ya dirishani, na kila moja ina ubovu mmoja tulioupanga. Multimita ziko kando yake, betri zimejaa, daftari liko wazi. Walimu wa fizikia waanze na ile yenye utepe mwekundu, wakufunzi wa ufundi wachukue zile mbili zilizobaki, na wanafunzi mjigawe nusu kwa nusu. Maswali tutayajibia hapo hapo mezani. Karibuni.